Waya Uliosokotwa kwa Mkono wa Kushoto

Mwaka umetimia, Baba, tangu alasiri ile ulipoketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma kuvua viatu. Ulivua kimoja. Mama alikuwa jikoni, akakisikia kikitua sakafuni, akangoja cha pili. Kila aliyekuja kutupa pole amesimuliwa hivyo na Mama, wala hajawahi kuongeza neno baada ya hapo: alingoja cha pili.

Tungeweza kukuandikia mistari michache kama ilivyo kawaida ya ukurasa huu wa kumbukumbu, tukasema kwamba nyumba imepwaya. Imepwaya kweli. Lakini lipo jambo lililotokea mwaka huu ambalo unapaswa kulisikia kutoka kwetu, kwa sababu lilifanywa kwa ajili yako, na lilifanywa vizuri, na kule kufanywa vizuri ndiko kulikoliharibu. Linamhusu binti yako, kifungua mimba wako, na pikipiki.

Kwa miaka thelathini na mmoja ulikuwa fundi wa simu za waya. Waliozaliwa juzi hawajui kwamba sauti ya mtu iliwahi kusafiri juu ya nguzo, na kwamba nguzo moja ikilala kule nyuma ya vilima, watu wa pande mbili wanakuwa mabubu mpaka mtu aifuate ilipo. Wewe uliifuata. Ofisi ilikupa pikipiki ya njia za porini, nyembamba, ya kijani, yenye tairi za meno makubwa na bomba la moshi lililopandishwa ubavuni ili lisinywe maji kwenye vivuko. Siku moja ya mvua ulipanda nguzo ili mama mmoja azungumze na mwanawe aliyekuwa mbali, ukashikilia ncha mbili za waya kwa mikono yako mpaka walipomaliza. Ulipofika nyumbani tulikuuliza walisemezana nini. Ulijibu kwamba walisalimiana. Fundi wa waya husikia yote, na katika nyumba hii hatukuwahi kusikia siri ya mtu ikitoka kinywani mwako.

Nguzo zilipong'olewa na ofisi ikafungwa, kila fundi aliambiwa aondoke na chombo alichokuwa akikiendesha. Wenzako waliviuza. Wewe ulikuja nacho nyumbani, ukakiosha, ukakiingiza bandani kwa heshima zote, na Mama akatangaza mbele ya majirani kwamba wamshuhudie: amefika umri huu, ana watoto wanne, na mumewe ameoa. Tangu siku hiyo pikipiki haikuwa na jina jingine. Ilikuwa mke mwenza.

Spea zake zilikoma kutengenezwa kabla hata kitinda mimba wako hajaanza shule. Hilo halikukusumbua. Ulikuwa na marobota ya waya wa shaba uliobaki kazini, na kwako hapakuwa na ugonjwa wa chuma ambao shaba isingeutibu. Shingo ya bomba la moshi ilipopasuka uliizungushia bati la kopo la maziwa, ukalifunga kwa waya. Gasketi ulizikata kwenye boksi la viatu. Mkono wa klachi ulishikwa na waya, kifuniko cha tenki kilishikwa na waya, na kwa kuwa ulikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kila fundo ulilisokota kinyume na wasokotavyo wengine. Mtu akipitisha kidole juu yake, mistari ilipanda kuelekea upande asioutarajia. Hata jikoni uliacha alama. Kishikio cha kifuniko cha sufuria kubwa kilipong'oka, ulikifunga kwa waya huohuo, ukiwa umesimama, ukitueleza habari za mtu aliyekimbizwa na nyuki juu ya nguzo. Mama alikipokea, akakipapasa, akasema kwamba sasa hata sufuria zake zinaweza kupigiwa simu.

Kwa sababu ya bati lile la kopo, pikipiki yako haikulia kama za watu. Ulipovuka daraja ukitoka vibaruani na kuachia mafuta ili upunguze mwendo ukate kona ya kwetu, ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta neno, kisha ikakohoa ya tatu. Ilikuwa hivyo kila siku, na saa yake ilikuwa saa kumi. Mama akisikia kikohozi cha tatu alibandika maji ya kuoga. Alituambia kwamba mke mwenzake amekohoa, kwa hiyo tuondoe madaftari mezani. Ulipofika mlangoni maji yalikuwa yameanza kuimba.

Kifungua mimba wako alijifunzia kusoma kwenye kitabu cha pikipiki hiyo. Ulimkalisha juu ya debe lililopinduliwa, ukamkabidhi kitabu, naye akakusomea kwa sauti namna kila kitu kinavyopaswa kufungwa, ilhali wewe ulikuwa umelala chali chini ya injini ukifanya vingine kabisa.

"Baba, kitabu kinasema isifungwe na waya," alikuambia siku moja.

"Kitabu kiko sahihi, mama," ulimjibu kutoka chini. "Ila hakijawahi kwenda kule ninakokwenda mimi."

Alicheka, lakini alichokihifadhi ni nusu ya kwanza ya jibu lako. Alikua, akasoma hadi chuo kikuu, akawa msahihishaji wa miswada katika kiwanda cha uchapaji, kazi ya mtu asiyeruhusu kosa lipite. Ulijivunia kalamu yake nyekundu kuliko alivyojivunia yeye mwenyewe. Barua zako kwake uliziandika kwa uangalifu mkubwa, ukimtaka azisahihishe, na alizirudisha zikiwa hazina alama hata moja, ingawa sote tunajua jinsi ulivyokuwa ukiandika.

Macho ya Mama yalifunga kazi kabla ya goti lako. Kwa mwaka mzima wa mwisho wa safari zako alikujua kwa kikohozi kile tu. Kisha goti likakataa kupiga kiki. Uliisukuma pikipiki bandani, ukaifunika turubai, ukaahidi kwamba ukipata nafasi utaiamsha. Kwa miaka sita nafasi hiyo ilikuwa kesho.

Miezi miwili baada ya kukuzika, kifungua mimba wako alikuja kumkata Mama kucha. Walikuwa wawili peke yao kwenye benchi la jikoni. Mama alimwambia, bila kugeuza uso, kwamba sura yako imeanza kumponyoka. Pua anayo, alisema, na kovu la kidevuni analo, ila haviungani. Sauti yako ya mdomoni inamjia vipande vipande, tena mara nyingine inachanganyika na ya mtangazaji wa redio.

"Lakini pikipiki yake ikikohoa pale darajani," alisema, "alikuwa ananijia mzima. Niisikie mara moja tu, mwanangu. Baada ya hapo mkitaka kuigawa, igaweni."

Hakuna kazi ambayo kifungua mimba wako amewahi kuishika kwa moyo kama hiyo. Kila Jumamosi alikuja na basi la kwanza, akavaa ovaroli lako ambalo mikono yake ilimfunika vidole, akaingia bandani. Siku alipofunua turubai alilazimika kuketi. Harufu ya petroli iliyochacha na ya kiti kilichopasuka ilimchukua moja kwa moja mpaka umri wa miaka saba, ameketi mbele yako juu ya tenki, roli ya waya mapajani, mikono yako miwili ikimpita huku na huku kama ukingo wa kitanda cha mtoto. Alituambia kwamba alikumbuka hata namna ulivyokuwa ukimwegemeza kifua mgongoni pikipiki inapopanda kilima. Aliketi juu ya debe lilelile. Kisha akafungua kitabu ukurasa wa kwanza.

Rafiki yako fundi pikipiki alikuja kumsaidia, yule uliyembandika jina la Daktari kwa sababu huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza. Waliifungua yote. Kifungua mimba wako alipanga vitu katika makopo matatu, na kila kopo akalibandika karatasi yenye mwandiko wake ulionyooka: VYA KURUDISHA, VYA KUTAFUTA, MAKOSA. Kila waya wako aliukata kwa koleo na kuuweka katika kopo la tatu, pamoja na bati la maziwa na vipande vya boksi la viatu. Hakuvitupa. Msahihishaji hatupi makosa. Huyaweka kando, pengine mwandishi atauliza.

"Mwanangu," Daktari alimwambia alipomwona akishika waya wa shingo ya bomba, "huo uache. Mzee alikuwa na sababu zake."

"Sababu yake ilikuwa kukosa spea, mjomba. Sasa tunazo."

Lilikuwa jibu sahihi. Daktari alirudi kusugua kutu. Baadaye alikiri kwetu kwamba alikuwa na la kusema, ila hakujua namna ya kubishana na mtu aliyeshika kitabu.

Kazi ile ilichukua miezi tisa. Gasketi halisi zilitoka mbali, zimefungwa katika karatasi ya mafuta kana kwamba miaka yote zilikuwa zikimngoja yeye. Bomba jipya lilipatikana, na ringi, na spoki zote za gurudumu la nyuma. Tenki lilipakwa kijani kilekile cha siku ulipokabidhiwa, wala si kile kilichopauka tulichokifahamu sisi. Mama alikuwa akiuliza kila Jumamosi jioni kumefikiwa wapi, na kila Jumamosi alijibiwa kwamba bado kidogo. Alikuwa akitabasamu. Tunakumbuka kwamba miezi ile alikula vizuri.

Siku ya kuiwasha Daktari ndiye aliyepiga kiki. Iliitika mara ya tatu, ikanguruma safi, bila moshi. Kifungua mimba wako aliiendesha mwenyewe mpaka ng'ambo ya daraja, akageuza, akangoja itimie saa kumi kamili. Katika kipande kile cha kurudi, alitueleza, alipata furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu utotoni, na sasa anaona haya kuikumbuka. Alivuka daraja. Akaachia mafuta pale ulipokuwa ukiyaachia. Injini ilishusha sauti yake taratibu, laini kama cherehani, ikakata kona, ikaingia uani.

Mama alikuwa jikoni, sufuria ya maji mbele yake, kiberiti mkononi. Hakukiwasha. Alisimama, akakiweka sawa kitambaa cha kichwa kama afanyavyo akisikia mtu asiyemjua, akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka mlangoni.

"Karibu, mgeni," alisema. "Wenyewe tupo. Karibu ndani."

Kifungua mimba wako alizima injini. Kabla ya kutamka neno alipitia akilini orodha nzima ya vipuri, kimoja baada ya kingine, akitafuta alipokosea, asipaone.

"Ni mimi, Mama. Hii ndiyo pikipiki ya Baba."

Mama alinyoosha mikono, tukamsogeza. Vidole vyake vilikwenda kwenye mkono wa klachi, vikangoja hapo, vikaondoka. Vikaenda kwenye kifuniko cha tenki. Vikateremka kuelekea shingo ya bomba, ambalo lilikuwa bado la moto, tukavizuia.

"Imekuwa nzuri sana," alisema. "Ni laini kote." Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia kitu alichokuwa amekiweka kabatini: "Na baba yenu mmemweka wapi?"

Hapo ndipo tulipolikimbilia kopo la tatu. Halikuwepo. Kitinda mimba wako alikuwa amepewa kazi ya kusafisha banda ili Mama asijikwae, na wiki mbili kabla aliwaita wakusanyaji wa vyuma chakavu akawapa kila kisichohitajika. Alitutazama mmoja mmoja.

"Lile la makosa?" aliuliza. "Si liliandikwa lenyewe kwamba ni makosa?"

Hakuna aliyemkaripia, Baba. Tungemkaripia kwa lipi? Alisoma kilichoandikwa, kama ulivyotufundisha sote. Kesho yake alifuatana na kifungua mimba wako mpaka kwenye ua wa vyuma chakavu. Wenye ua walikuwa watu waungwana. Waliwakalisha, wakawapa maji, wakawaeleza kwamba shaba haikai pale hata siku tatu. Ilikwenda na lori la kwanza, na kufikia sasa imekwisha kuwa kitu kingine.

Kifungua mimba wako hakukubali. Ulimlea asikubali upesi. Alikata bati la kopo la maziwa, akatafuta waya wa shaba wa unene uleule, akawa anafanya mazoezi ya kusokota kwa mkono wa kushoto kwenye meza yake ya kazi mpaka vidole vikachubuka. Wiki ile kosa moja lilimpita kwenye ukurasa uliokwenda mtamboni, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali. Jumamosi iliyofuata alifungua shingo ya bomba jipya, akalegeza, akazungushia bati, akafunga. Alikwenda darajani. Aliachia mafuta. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, ikakohoa ya tatu. Daktari, aliyekuwa amesimama uani nasi, aligeukia ukuta.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba ingojewe ipoe, kisha apelekwe. Alipitisha kidole juu ya waya, kwenda na kurudi.

"Huu umesokotwa na mtu anayefikiri," alisema. "Baba yenu alikuwa anasokota huku anapiga soga."

Akautafuta uso wa kifungua mimba wako kwa kiganja, akakiacha shavuni.

"Usiniigizie, mwanangu. Nitaizoea hii, halafu yeye atanipotea kabisa."

Waya ule kifungua mimba wako aliukata siku ileile. Hakuuweka katika kopo lolote. Pikipiki haijawashwa tena. Imesimama bandani, mahali pake pa siku zote, juu ya doa la oili lililoachwa na gasketi zako za boksi la viatu. Ni nzima kiasi kwamba haivuji. Imesimama hapo bila kuongeza hata tone moja, na doa limeanza kupauka pembeni. Watu wawili wamekuja kuitazama na kuisifu. Mama amesema haimhusu, tufanye tutakavyo, na sisi hatujafanya lolote.

Tungependa kukuambia kwamba sauti ile ilimrudia baadaye, siku ametulia. Haikumrudia. Anasema ilikuwapo, hafifu, mpaka Jumamosi ile ya kuigiza, na kwamba sasa akiitafuta huja ile ya pili. Alilisema hili mara moja tu, wakati kifungua mimba wako hayupo, akatuapisha tusimwambie. Ameshajua. Anayesahihisha miswada husoma hata palipoachwa wazi.

Kilichobaki cha mkono wako ni kifuniko cha sufuria. Hakipikiwi tena. Ikifika saa kumi Mama huketi nacho mapajani kwenye benchi la jikoni, kidole kikizunguka kishikio, kikipanda na mistari ya waya kuelekea upande wako. Pua bado anayo, anasema. Kovu linakuja na kuondoka.

Juzi kifungua mimba wako aligundua kwamba waya huo umelegea na kishikio kinacheza. Alikwenda kwenye sanduku lako la zana, akarudi na koleo, akasimama mbele ya Mama. Mzunguko mmoja ungetosha. Mama alimsikia amesimama, akakikumbatia kifuniko. Kifungua mimba wako akalirudisha koleo mahali pake, kwa maana mzunguko huo ungekuwa wa kwake, si wako. Kishikio kinaendelea kulegea, Baba, na kati yetu sote hakuna atakayekikaza.

Unakumbukwa na mjane wako, ambaye bado anaacha nafasi yako kwenye benchi. Unakumbukwa na kifungua mimba wako, aliyetutaka tusifute chochote katika maandishi haya, na nasi watoto wako wawili wa katikati, na kitinda mimba wako, ambaye siku hizi haondoi kitu ndani ya nyumba bila kuuliza. Wakwe zako wanakukumbuka, na dada yako aliyekufundisha kuendesha baiskeli, na Daktari, anayekuja kila Jumamosi na kuketi juu ya debe ingawa hakuna kazi. Wajukuu zako watano wanakukumbuka, ila safari zako wanazijua kwa kusimuliwa. Hawakuwahi kusikia mke mwenza akikohoa.

Tutakukumbuka siku zote, kwa muda wote ambao waya wako utashika.